Kumshuku Mshirika ni Dhambi?

Ijumaa moja hapa Mazwi, baada ya swala, tulizungumzia Goma. Mzee mmoja akatukatiza: "Wanangu, acheni dhana mbaya. Majeshi yale yalikwenda kusaidia." Alikusudia Suratul Hujurat, aya ya 12.

Nimelitafakari neno lake. Mwaka 1998 Rwanda na Uganda ziliingia Kongo bega kwa bega, zikidai kulinda mipaka yao. Mwaka 2000 washirika hao wakapigana wao kwa wao Kisangani, mji wa wenyewe, siku sita, raia wakafa kwa mamia. Mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliitia Uganda hatiani, uporaji wa madini ukiwemo. Ndio usalama wa mipaka huo?

Likaja jeshi la Afrika Mashariki, 2022. Wakongo wakalalamika halipigani na M23, likaondoka 2023. Na Rwanda, ambayo wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema inawasaidia waasi hao (yenyewe inakanusha), ni mwanachama wa jumuiya hiyo hiyo! Ikafuata SADC, vijana wetu wakiwemo. Goma ikaanguka Januari 2025. Machi ujumbe ukavunjwa.

Je, Mkongo akiuliza "mmefuata nini kwetu?" amekosea? Sura hiyo hiyo, aya ya 6, inatuamrisha kuchunguza habari. Nia iliyo moyoni anaijua Mwenyezi Mungu. Masharti ya mkataba yameandikwa na wanadamu, tuna haki ya kuyasoma.

Alasiri nilimweleza mzee hivyo. Akanyamaza, kisha akaniuliza: "Na hayo tuliyopelekea vijana wetu, wewe umeyasoma?"

Sijayasoma.