Rangi juu ya kutu

Jamaa yangu anayeishi Muscat aliagiza kutoka Marekani gari la zamani, Ford Mustang ya mwaka 1966, ile ya paa la turubai la kukunjwa. Alinunua kwa picha. Lilipofika liling'aa, lakini milango haikufunga sawasawa. Fundi alipobandua zulia alikuta sakafu imeliwa na kutu, imebandikwa vipande vya bati na kupakwa rangi. Gari lisilo na paa la chuma nguvu zake ziko chini, kwenye sakafu na mihimili ya pembeni. Huko kukioza, gari hupinda.

Ndugu zake walizungumzia israfu tu: kwa nini fedha zote hizo kwa gari la kutembelea jioni? Swali si baya, ila ni jepesi. Kila mtu hulijibu kwa kutazama mfuko wa mwenzake. Gumu ni hili: muuzaji hakuulizwa kuhusu sakafu, naye hakusema. Je, amedanganya?

Wapo watakaosema mnunuzi ajiangalizie. Lakini Mtume (s.a.w.) alipoingiza mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta unyevu ndani, mwenye mali alijitetea kwamba ni mvua. Hakulaumiwa kwa mvua. Alilaumiwa kwa kutoweka kilicholowa juu watu wakione. Hakuna mnunuzi aliyekuwa ameuliza pale.

Kwetu Maparoni, katika delta ya Rufiji, mtu hanunui Mustang. Hununua mashua kuukuu, akaipandisha ufukweni maji ya bamvua, akabadili mataruma kwa mti wa mlilana, akakalafati nyufa kwa pamba na mafuta, akapaka shahamu chini na rangi juu. Kazi hiyo ikifanywa vizuri chombo huishi miaka mingi. Lakini pamba ile ile huweza kujazwa kwenye ubao uliooza, na fundi akaambiwa, "Wewe paka tu, nauza." Fundi hauzi chochote. Hata hivyo mimi simtoi hatiani, kwani mkono uliofunika aibu ni wake.

Jamaa yangu alipoteza fedha, na sheria yetu inampa hiyari ya kurudisha bidhaa yenye aibu. Mama anayepanda mashua na mtoto mgonjwa kwenda Nyamisati hana hiyari hiyo. Hakuwepo bei ilipopatanwa. MV Skagit iliundwa Marekani mwaka 1989, ikafanya kazi jimbo la Washington, ikauzwa na kuletwa Zanzibar. Ikazama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012, bahari ikiwa imechafuka. Sidai kwamba kuna aliyeficha kitu. Nasema abiria hukata tiketi, hawakagui mkuku.

Mwenye mashua atasema: mikoko ni hifadhi, kuikata kunataka kibali, mbao ni ghali, nikieleza ukweli nitapata nusu ya bei. Kweli atapata nusu. Hiyo nusu ndiyo thamani ya mashua yake, iliyozidi ilikuwa bei ya rangi.

Linabaki jambo moja ambalo kueleza tu hakulimalizi. Mnunuzi ameonyeshwa ubao mbovu, ameridhika, amepunguziwa, na kesho anapakia watu. Kati ya wawili hao mkataba umetimia. Wapo wenzangu wanaoona muuzaji amekwisha kutoka. Mimi naona asimuuzie, labda kwa kuni.