Vijiti vya Bondeni na Uzito wa Tela



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba kila kitu kwa kipimo chake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ndugu zangu waumini, nakuusieni, na naiusia nafsi yangu kabla yenu, tumche Mola wetu majumbani, makazini na barabarani.

Juma hili, baada ya swala ya alasiri, alinifuata kijana mmoja wa msikiti wetu. Kazi yake ni kuchimba mitaro ya mabomba na mashimo ya vyoo. Mola amemfungulia riziki: amenunua kijiko kidogo, kile cha cheni za raba, na amepata kazi kule upande wa Chalinze. Akaniambia, "Ustadhi, nimeona tela la bei nafuu. Muuzaji anasema linatosha, fundi wangu anasema halitoshi. Nimsikilize nani?"

Nikamwambia, "Mwanangu, kabla ya kumsikiliza mtu, kasome kibati."

Tukakaa barazani na karatasi. Kibati cha tela kilisema uzito wa mwisho ni kilo 3,500, na hapo tela lenyewe limo ndani ya hesabu. Likiwa tupu lina kilo 800. Haki ya mzigo, basi, ni kilo 2,700. Kitabu cha kijiko kilisema kilo 2,550. Kijana akatabasamu. "Si unaona, Ustadhi? Na chenji inabaki."

Nikamuuliza, "Na nyundo ya kupasulia mawe utaiacha nyumbani?" Haiachwi, na ina kilo 180. Baketi mbili za ziada, kilo 90. Madumu ya dizeli ya lita 60, kilo 50 hivi. Minyororo na vyombo vya kazi, kilo 40. Tukajumlisha: mzigo kilo 2,910, na pamoja na tela kilo 3,710. Amezidisha kilo 210, wala hatujahesabu matope ya kazi ya jana yaliyoganda kwenye cheni.

Kumbe muuzaji hakusema uongo, na fundi hakukosea. Muuzaji alipima mashine. Fundi alipima kazi.

Ndugu zangu, hapo nikaikumbuka hadithi aliyoipokea Imamu Ahmad kutoka kwa Sahl bin Saad, Mwenyezi Mungu amridhie. Mtume, rehema na amani zimshukie, alitutahadharisha na madhambi tunayoyadharau. Akatupigia mfano wa watu waliotua bondeni: huyu akaleta kijiti, na yule akaleta kijiti, mpaka vikatosha moto wa kuivisha mkate wao. Hakuna aliyeleta gogo. Kila mmoja angeweza kusema, changu ni kijiti tu.

Na kijiko kikubwa hakimdanganyi mtu. Mwenye mashine ya tani 20 anajua atafute tela la kubebea mitambo, dereva mzoefu na kibali kama kinahitajika. Kinachotudanganya ni kile kidogo. Kwa kuwa kinapita kwenye geti la nyumba, tunadhani ni chepesi. Tunakifunga nyuma ya pikapu kama tunavyofunga mkokoteni wa nyasi, tunapakia mafundi sita na mifuko ya saruji, tunasema bismillahi na kuondoka. Bismillahi ni amri, nayo haifuti kilo. Mtu aliyetaka kumwacha ngamia wake huru akidai anamtegemea Mungu aliambiwa na Mtume amfunge kwanza, kisha ategemee.

Kumfunga ngamia katika kazi hii ni nini? Ni kujua namba nne kabla ya kutoa pesa: uzito wa kijiko pamoja na vyombo vyake vyote, uzito wa tela tupu, uzito wa mwisho wa tela, na uzito ambao mtengenezaji wa gari ameruhusu livute. Pikapu nyingi kubwa za siku hizi zimeruhusiwa kuvuta hadi kilo 3,500 ikiwa tela lina breki zake. Tela lisilo na breki, ruhusa hiyo mara nyingi hushuka hadi kilo 750. Tela lililochomelewa mtaani bila breki wala kibati, hata likipakwa rangi mpya, halifai kubeba kijiko.

Tazama pia tairi na ekseli, maana kila tairi limeandikwa mzigo wake. Kisha panga mzigo. Kijiko kikae juu ya ekseli, kikisogea mbele kidogo, ili ulimi wa tela ulilalie gari. Kikirudi nyuma sana, tela litaanza kuyumba kama mkia, na kwenye mteremko mkia ndio utakaoliongoza gari. Shusha mkono wa kijiko, laza baketi sakafuni, funga minyororo pembe zote nne.

Imepokewa na Abu Daud kwamba Mtume aliingia katika bustani ya Ansari mmoja akamkuta ngamia. Ngamia alipomwona akalia, machozi yakamtoka. Mtume akampangusa mpaka akatulia, kisha akamkanya mwenyewe amwogope Mungu kwa mnyama huyu anayemshindisha na njaa na kumchosha. Tela halina macho ya kulia. Kilio chake ni habu inayochemka, harufu ya raba, springi iliyolala. Ukishuka njiani ukaigusa habu ikakuunguza, umeambiwa.

Na njia si yako peke yako. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016, ilianza kutumika Tanzania Machi 2019, nayo inataka gari la kuanzia kilo 3,500 lipimwe kwenye mizani. Pikapu na tela lake lenye kijiko vinavuka hapo bila shaka. Wale wenu wenye malori mnajua: ekseli moja yenye tairi nne, mwisho tani 10. Kuna sababu. Majaribio ya barabara yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960, yalionyesha kwamba ekseli ikibeba mara mbili, madhara ya barabara hufika kama mara 16. Na kwenye barabara zetu hupita mjamzito anayekimbizwa hospitali na mtoto anayekwenda madrasa.

Sura ya Al-Mutaffifin, ya wapunjao vipimo, tunaisoma tukimfikiria muuza mchele. Lakini anayepunja sokoni hupunguza kilo za mwenzake, na anayepunja barabarani hupunguza kilo zake mwenyewe kwa mdomo. Wote wawili wameichezea mizani. Na anayetoa hongo apite ameongeza kijiti kingine, tena kinene, kwa sababu mtoaji na mpokeaji wote wamelaaniwa. Nawe tajiri unayebaki nyumbani ukamwambia dereva "nenda tu, Mungu yupo", jua kwamba mzigo ule umo shingoni mwako.

Jana kijana wangu alinipigia simu. Amepata tela lenye breki. Kijiko na minyororo vitapanda humo, na nyundo, baketi na dizeli vitatangulia kwa Kanta ya kukodi. "Faida imepungua kidogo, Ustadhi," akasema. Nikamwambia, "Iliyobaki utaila ukiwa umelala usingizi."

Ewe Mola, tubarikie riziki zetu za halali, uwalinde madereva wetu na wapita njia wote, na utupe macho ya kuviona vijiti kabla havijawaka. Amin.