Kilicho Chetu

Yapo mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya: kitu kutoka kwetu na kitu kuwa chetu. Aghalabu huenda pamoja; walakini si jambo moja. Siku hizi bidhaa, nyimbo na habari za ulimwengu mzima hutufikia upesi, na hali hiyo huitwa utandawazi. Kijana msomaji, huna budi kuyatenga mambo hayo mawili, maana usipoyatenga utaogopa yasiyostahili kuogopwa, na kuyapuuza yale ya hatari.

Hebu tutazame leso, ambayo wengine huiita kanga. Mama hubebea mtoto, bibi arusi hutunzwa kwayo, na wanawake hujitanda waendapo matangani. Nani atathubutu kusema kwamba si nguo ya Waswahili? Lakini neno lenyewe, leso, limetokana na neno la Kireno lenye maana ya kitambaa cha mkononi. Katika karne ya 19 wanawake wa pwani walivishona pamoja vitambaa vilivyoletwa na wafanyabiashara, wakapata nguo moja pana. Baadaye nguo hiyo ilipigwa chapa Uingereza, Uholanzi, Uhindi na Japani kwa nyakati mbalimbali, ikaletwa kuuzwa kwetu. Basi, ilipataje kuwa yetu?

Ilikuwa yetu kwa sababu tuliitia neno letu. Leso ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake. Maneno hayo yaliandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa herufi za Kirumi, lakini lugha ilikuwa Kiswahili. Kwa jina hilo mtu humjibu jirani yake jambo ambalo ulimi ungeona haya kulitamka. Mashine ilikuwa ng'ambo; hekima, mzaha na kijembe vilikuwa vya hapa.

Mambo ni hayo hayo katika muziki. Rap ilianza New York katika miaka ya 1970. Mwishoni mwa miaka ya 1990, vijana wa Dandora, Nairobi, waitwao Kalamashaka, waliitumia kueleza taabu za mtaa wao kwa Kiswahili. Hawakuwa kasuku, maana kasuku hurudia ya wengine, nao walisema yao. Kwa hiyo anayedai kwamba kila kigeni ni sumu amekosea.

Hata hivyo, tusishangilie mapema. Nguo si maneno tu. Ni kazi pia. Pamba hupandwa, huchambuliwa, husokotwa, hufumwa, hutiwa rangi na kushonwa, na kila hatua ni riziki ya mtu. Kiwanda cha Rivatex kilianzishwa Eldoret mwaka 1976. Nchi ilipofungua milango ya biashara mapema katika miaka ya 1990, nguo za nje na mitumba ziliingia kwa wingi, na viwanda vingi vikaanguka. Rivatex nayo ilianguka, mpaka Chuo Kikuu cha Moi kilipoichukua mwaka 2007 ili kuifufua. Haki yatutaka tukiri kwamba mitumba huwavika maskini na kuwapa wachuuzi wengi kazi, na kwamba viwanda vyenyewe vilikuwa na maradhi yao. Lakini mkulima wa pamba aliyekosa mnunuzi hakufarijiwa na ukweli huo.

Tena, anayetegemea soko la mwingine huwa na ulimi mfupi. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Marekani ikaonya kwamba nchi zitakazofanya hivyo huenda zikapoteza nafasi ya kuuza bidhaa kwake bila ushuru. Kenya ilirudi nyuma mwaka 2017. Rwanda ilishikilia uamuzi wake, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa katika nafasi hiyo. Wahenga walisema kweli: mkono mtupu haulambwi.

Basi, kila kitu kigeni kikujiapo, kiwe nguo, wimbo au picha katika simu, kiulize maswali mawili. La kwanza: nimekitia nini changu? La pili: ni mikono ya nani hapa kwetu iliyopata kazi kwacho? Swali la kwanza hulinda heshima yetu. La pili hulinda chakula chetu. Anayejali la kwanza pekee atajivunia utamaduni wake akiwa na njaa. Anayejali la pili pekee atashiba, lakini hatajua yeye ni nani.

Bibi zetu walilijibu swali la kwanza kwa ufasaha mkubwa, ingawa wengi wao hawakupata kuingia darasani. Leso nyingi bado hutoka ng'ambo. Swali la pili, basi, lawangoja ninyi mliomo darasani.