Kichupa cha Mama Mkubwa

Mwaka juzi mama mkubwa alivuka na kivuko cha Kamanga kuja Mwanza kutibiwa saratani. Ndani ya mkoba, chini ya khanga, alikuwa na kichupa cha mafuta yaliyochemshwa na majani ya bangi. Alikipata kwa jirani. "Mwanangu, wewe ndiye umesoma," akaniambia. "Ninywe, nisinywe?"

Nikamjibu chapchap: hakuna ushahidi, halafu ni kosa kisheria. Nikakichukua. Usiku ule nilimsikia akigumia mpaka alfajiri.

La sheria nilisema kweli. La ushahidi nilidanganya, ingawa sikujua kama nadanganya. Mwaka 2017 Akademia za Kitaifa za Sayansi za Marekani zilisema upo ushahidi wa maana kwamba bangi hupunguza maumivu sugu kwa watu wazima. Mwaka 2021 chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu kikapitia tafiti, kikakataa kuiunga mkono. Kwa hiyo wakubwa wenyewe hawajakubaliana, na mimi nilijibu kana kwamba kesi imefungwa.

Na sisi wa Mwanza tunajua ushahidi unavyopatikana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti walichukua jamii 12 za mkoa huu. Sita zilipata huduma bora ya magonjwa ya zinaa, sita nyingine zikasubiri. Baada ya miaka miwili, walioambukizwa VVU walikuwa asilimia 1.2 upande wa kwanza, 1.9 upande wa pili. Dunia nzima ilisoma matokeo hayo mwaka 1995. Miaka minne baadaye utafiti wa Rakai, ng'ambo ya ziwa huko Uganda, ambako watu walitibiwa kwa wingi bila kungoja dalili, haukuona tofauti. Wataalamu wakabishana, na mabishano hayo yakafundisha mengi.

Ila mimi huwa nawafikiria waliosubiri. Ile tofauti ya 0.7 ni watu. Hakuna aliyejua kabla kwamba huduma ile ingewakinga, na ndiyo maana kusubiri kwao kuliweza kutetewa: mwisho wake palikuwa na jibu, na huduma ikawafikia nao.

Mama mkubwa alikuwa anasubiri jibu gani? Kwa miongo mingi mkataba wa kimataifa wa 1961 uliiweka bangi jedwali moja na heroini, miongoni mwa vitu vya hatari visivyo na faida kubwa ya tiba. Ilipoondolewa humo Desemba 2020, kura zilikuwa 27 kwa 25. Ukikibana kitu hivyo, watafiti watakikwepa, kisha unasema hakijathibitishwa. Hapo mgonjwa anasubiri kitu ambacho hakuna anayekitafuta.

Najua mtakachoniambia. Loliondo, 2011: kikombe cha shilingi 500, foleni za magari mpaka Samunge, na wengine wakaacha dawa zao za UKIMWI. Nakubali. Kichupa kile nacho hakikuwa na kipimo wala lebo, na ningempa ningekuwa nabahatisha na mwili wa mtu aliyedhoofika. Mofini nayo ilianzia kwenye utomvu wa mmea, lakini kuna mtu alikaa akaipima.

Kwa hiyo sijutii kukichukua. Najutia zile sekunde mbili za kujibu. Ningemwambia, "Mama, hawajaafikiana, na hiki hatujui kina nini, hebu tumwambie daktari unavyoumia." Kwa sababu kumbe hakuwa amemwambia. Alidhani kulalamika ni kukosa adabu.

Siku ya tatu nikamwambia daktari mwenyewe. Akamwandikia mofini ya maji. Mama mkubwa akalala saa saba mfululizo.

Alipoamka akaulizia kichupa chake. Nikamwambia nilishakimwaga.

"Uliuliza nilikipataje?"

Sikuwa nimeuliza. Alikuwa ametoa mbuzi jike, mwenye mimba.