Kutu na Nadhiri: Juu ya Kudumu kwa Vitu Vilivyotengenezwa

Swali la kudumu, yaani swali la nini hasa hukifanya kitu kibaki kile kile huku sehemu zake zikiondoka moja baada ya nyingine, ni miongoni mwa maswali ya kale zaidi katika falsafa, na wengi waliolijadili wametumia mifano ya kufikirika isiyowahi kushikwa kwa mkono. Hata hivyo, lipo tendo ambalo humlazimisha mtu alijibu swali hilo kwa spana, msasa na moto wa kuchomelea, nalo ni kulifufua nyumbani gari la kale la dizeli lililoliwa na kutu. Makala hii inadai kwamba kitu kilichotengenezwa na mwanadamu hakidumu kwa sababu ya maada yake, wala kwa sababu ya umbo lake peke yake, bali kwa sababu yuko mtu anayeendelea kuwajibika kwa ajili yake, na kwamba uwajibikaji huo una sharti la ukweli ambalo wanadini wamelifahamu zaidi kuliko wanafalsafa.

Mfano unaofaa ni Land Rover za miongo ya mwanzo. Gari hilo, lililotokana na wazo la Maurice Wilks wa kampuni ya Rover ya Uingereza, lilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, wakati ambapo Uingereza, iliyokuwa imetoka vitani, iligawa feleji kwa mgao mkali. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya bodi ilitengenezwa kwa Birmabright, aloi ya aluminiamu na magnesiamu, huku chesisi, ambayo ni uti wa mgongo unaobeba bodi, injini na ekseli, ikiundwa kwa mabamba ya feleji yaliyochomelewa yakawa mabomba ya pembe nne. Injini ya dizeli ya lita 2 iliongezwa mwaka 1957, na ile ya lita 2.25 ikaifuata mwaka 1961. Gari lilikusudiwa kwa ajili ya mkulima, kiasi kwamba lingeweza kufungwa shafti ya kuendeshea mashine za shambani, na likaenea kutoka malisho ya Uingereza hadi barabara za mawe za Afrika Mashariki, ambako katika mji wa Maralal, kaskazini mwa Kenya, Land Rover kuukuu zimeendelea kubeba watu na mizigo kupita mahali ambapo magari mengi mapya hayathubutu.

Muundo huo wa metali mbili unafundisha jambo la msingi kuhusu uharibifu. Aluminiamu ikikutana na hewa hujifunika utando mwembamba wa oksidi unaoshikamana nayo na kuikinga, lakini kutu ya chuma, inayozaliwa pale chuma, maji na oksijeni vinapokutana, huvimba, hupasuka na kubanduka, ikiacha chuma kipya wazi kwa shambulio linalofuata, na chumvi, iwe ya bahari au ile inayomwagwa barabarani wakati wa baridi ya Ulaya, huharakisha kazi hiyo. Katika chesisi ya Land Rover matope na maji hujikusanya ndani ya mabomba yake, kwa hiyo ugonjwa huanzia ndani na kutokea nje ukiwa umekwisha kukomaa. Ikumbukwe pia kwamba madini ya chuma kama hematiti yalikuwa oksidi yalipokuwa bado ardhini, na kwamba tanuri ndilo lililoitoa oksijeni hiyo kwa moto mkali. Kinachoitwa kuharibika ni chuma kurudi katika hali inayokaribiana na ile aliyoichimbua binadamu. Kwa mtazamo huo kuharibika si jambo la ajabu linalohitaji kuelezwa, kwani ndiko vitu vinakoelekea vyenyewe. Jambo la ajabu ni kudumu.

Kazi ya kufufua inaufuata ukweli huu hatua kwa hatua. Fundi hulivua gari vipande vipande, huigonga chesisi kwa nyundo akisikiliza pale ambapo mlio mkali unageuka kuwa mzito na mfu, hukata feleji iliyooza mpaka akutane na chuma kizima, kisha huchomelea bamba jipya la unene uleule. Injini iliyoganda kwa sababu pete za pistoni zimeshikana na silinda humwagiwa mafuta mepesi na kuachwa siku kadhaa kabla ya kuzungushwa kwa mkono, bila kulazimishwa. Pampu ya dizeli haina msamaha hata huo: kwa kuwa injini ya aina hii, ambayo Rudolf Diesel aliifanikisha Augsburg mwaka 1897, haiwashi mafuta kwa cheche bali kwa joto la hewa iliyoshindiliwa, pampu na nozeli zake zimesawazishwa kwa vipimo vya sehemu ndogo sana ya milimita, na kilicholiwa na kutu humo hakipigwi msasa, bali hubadilishwa. Mwishowe swali halikwepeki: baada ya chesisi, ukuta wa mbele, pampu na milango kubadilishwa, gari lililosimama uani ni lile la zamani au ni lingine lililorithi jina lake?

Mwandishi wa kale Plutarch alilitoa swali hili katika maandishi yake juu ya maisha ya Theseus, aliposimulia jinsi watu wa Athens walivyoihifadhi merikebu ya shujaa huyo kwa kuondoa mbao zilizooza na kutia mpya, hata wanafalsafa wakagawanyika kama bado ilikuwa ileile. Thomas Hobbes, katika kitabu chake cha mwaka 1655 kuhusu maumbile ya vitu, aliongeza ugumu kwa kumfikiria mtu aliyezikusanya mbao zote zilizotupwa na kuunda merikebu ya pili, ili zionekane mbili zinazodai kuwa moja. John Locke baadaye alitofautisha rundo la maada, ambalo hubadilika mara chembe moja ikiondolewa, na mti wa mwaloni, ambao hubaki uleule kwa kuwa maisha yaleyale yanaendelea ndani ya chembe zinazopita. Lakini gari halina uhai wa kujiendeleza, na suluhisho la Locke halilifikii kikamilifu. Hata dola imelazimika kujibu: kwa miaka mingi mamlaka ya usajili wa magari ya Uingereza ililiruhusu gari lililofanyiwa mabadiliko makubwa kubaki na namba yake ya zamani iwapo tu lilifikisha alama 8 kati ya 14, ambapo chesisi ilipewa 5, springi, ekseli, gia na usukani 2 kila kimoja, na injini 1. Jibu hilo lina manufaa ofisini, lakini halisemi kwa nini chesisi ina uzito kuliko injini, wala kwa nini 8 inatosha na 7 haitoshi.

Yapo maelezo ambayo wengi waliolirithi fumbo hili waliyaacha nyuma, nayo yanapatikana katika mazungumzo ya Plato yaitwayo Phaedo. Humo inaelezwa kwamba Waathens waliweka nadhiri kwa mungu wao Apollo kuwa, iwapo vijana waliosafiri na Theseus wangeokoka, mji ungetuma ujumbe wa ibada katika kisiwa cha Delos kila mwaka, na kwamba merikebu iliyotumwa ilikuwa ndiyo ile. Na kwa kuwa mji haukuruhusiwa kutekeleza hukumu ya kifo mpaka merikebu irudi, kifo cha mwanafalsafa Sokrates mwaka 399 kabla ya Kristo kilicheleweshwa. Mbao basi hazikubadilishwa ili kuwachokoza wanafalsafa. Zilibadilishwa kwa sababu mji ulikuwa na ahadi ya kutimiza, na ahadi haivunjiki kwa ubao kuoza. Merikebu ya pili ya Hobbes ina mbao zote za zamani lakini haina nadhiri. Hakuna anayeidai safari ya Delos, na hakuna wa kulaumiwa isipofika. Umoja wa kitu kilichotengenezwa unakaa katika uzi wa uwajibikaji unaopita kutoka mkono mmoja hadi mwingine, na pale uzi huo ulipokatika, kama kwa gari lililotelekezwa miaka mingi, anayelifufua huushika tena kwa kukubali kujibu kwa ajili ya kitu ambacho hakukianzisha.

Wanateolojia waliligusa suala hili la kudumu kwa kina zaidi. Wafuasi wa Abu al-Hasan al-Ashari, mwanazuoni wa Basra na Baghdad wa karne ya 10, walifundisha kwamba aradhi, yaani sifa zinazokaa juu ya vitu kama rangi na mwendo, hazidumu nyakati mbili, bali Mungu huziumba upya kila mara. Mwanafalsafa Descartes naye, mwaka 1641, aliandika kwamba kuhifadhi kunahitaji uwezo uleule wa kuumba. Si lazima mtu akubali kila sehemu ya mafundisho hayo ili aone yanachokataa: yanakataa dhana kwamba kuwepo ni mali ambayo kitu kikishapewa hujihifadhia chenyewe. Binadamu hawezi kukipa kitu kuwepo, lakini Kurani inapomwita khalifa katika ardhi, na Kitabu cha Mwanzo kinapomweka bustanini ailime na kuitunza, vyote viwili vinamshirikisha katika sehemu ndogo ya kazi hiyo ya kuhifadhi isiyo na mapumziko.

Hapa ndipo sharti la ukweli linapoingia. Sura ya al-Mutaffifin inazungumzia matendo maovu yaliyoifunika mioyo kama kutu, na mwanazuoni al-Ghazali aliufananisha moyo na kioo, katika zama ambazo vioo vilikuwa metali iliyong'arishwa, hivyo dawa ya kioo kilichoshika kutu ilikuwa kukisugua. Kukipaka rangi kungemaliza kabisa uwezo wake wa kuakisi. Fundi anayejaza puti juu ya tundu la chesisi na kulifunika kwa rangi nyeusi anafanya kosa la aina hiyohiyo, kwa sababu kutu huendelea kula gizani, na atakayelipanda gari hilo mlimani ataamini nguvu ambayo haipo. Kwa kipimo cha nadhiri, bamba jipya lililochomelewa kwa uwazi na kuelezwa kwa mnunuzi haliupunguzi uasili wa gari hata kidogo, ilhali chuma cha asili kilichooza na kufichwa kimekwisha kuusaliti.

Pingamizi zito linabaki: Injili ya Mathayo inaonya dhidi ya kujiwekea hazina duniani, ambako nondo na kutu huharibu, na mtu anaweza kuutoa moyo wake wote kwa chuma huku majirani wakikosa msaada wake. Onyo hilo ni la kweli, na linalihukumu gari lililofufuliwa ili lifungiwe chumbani lisifiwe tu. Lakini onyo limeelekezwa kwa anayetafuta katika vitu usalama usiokuwemo, na hakuna anayejua udhaifu wa chuma kuliko aliyekisugua kwa mkono wake. Anayelitengeneza gari la shamba ili libebe tena mbegu, wagonjwa na maji hajiwekei hazina. Anairudisha kazini zana iliyotengenezwa kwa ajili ya wengine, akijua kwamba kutu itaanza upya na kwamba baada yake atahitajika mwingine. Kwa hiyo kudumu kwa kitu hakupimwi kwa wingi wa feleji ya zamani iliyosalia ndani yake, bali kwa kuwepo, katika kila kizazi, kwa mtu aliye tayari kuitimiza ahadi iliyowekwa kabla yake na kuikabidhi kwa mwenzake pasipo kumdanganya.