Mjukuu Wangu, Shika Nguo Kabla Hujashika Pochi

Mjukuu wangu, siku hizi mkimwona mwenzenu kavaa vizuri mnasema kapiga pamba. Neno hilo nalipenda. Ni neno linalotufaa sisi watu wa Shinyanga, tuliolima pamba hadi ncha za vidole zikachanika.

Lakini juzi kijana mmoja aliyetoka machimboni Rwamgasa aliniletea shati nimpunguzie mikono. Kalinunua shilingi 84,000. Nikang'oa uzi mmoja kwenye pindo, nikatoka nao nje, nikauwasha kwa kiberiti. Haukuungua kama karatasi. Uliyeyuka, ukajikunja, ukaacha kitone cheusi kigumu kama kichwa cha pini.

Uzi wa pamba huungua ukaacha jivu jepesi. Ule ulikuwa wa plastiki, kitu kinachotokana na mafuta ya petroli. Kijana wa watu kapiga pamba isiyo na pamba hata chembe.

Nimekanyaga cherehani hapa Kahama zaidi ya miaka thelathini. Nguo naijua kama mchungaji anavyojua ng'ombe wake kwa kwato. Na ninachokiona siku hizi mikononi mwenu kinaninyima usingizi. Nisikilize, mwanangu.

Tuhesabu pamoja. Tuseme kilo moja ya pamba ya shambani inauzwa shilingi 1,200. Shati la 84,000 ni kilo 70. Wewe umewahi kuchuma kilo 70? Bibi yako anakumbuka, muulize mgongo wake.

Sasa, kilo tatu za pamba ya shambani zikipita kiwandani kuchambuliwa, hutoka kama kilo moja ya nyuzi. Nyingine ni mbegu, zinakwenda kukamuliwa mafuta. Na shati la mtu mzima lina uzito wa robo kilo hivi. Kwa hiyo hata lingekuwa la pamba tupu, kilo moja ya shambani inalitosha.

Tuseme ni wewe uliyelipa hizo kilo 70. Moja ndiyo iliyomo kwenye shati. Hizo 69 zimekwenda wapi?

Baadhi zimekwenda mahali pa haki. Kuna aliyesokota uzi, aliyefuma, aliyetia rangi, aliyeshona. Kuna meli, ushuru, lori la kutoka Dar es Salaam, kodi ya fremu. Hao wote wamevuja jasho na sina neno nao.

Lakini nyingine zimelipia kioo na taa. Zimelipia jina lililoandikwa kifuani. Zimelipia winga aliyekushika mkono barabarani na kukupeleka dukani, naye akaongeza cha juu chake bila wewe kujua. Na nyingine, mjukuu wangu, zimelipia viatu vyako vyenye tope jekundu la machimbo. Muuzaji aliviona kabla hujafungua mdomo, akajua mzigo wa dhahabu umetoka, akataja bei ya mzigo.

Bei ni ulimi wa muuzaji, mshono ni ulimi wa nguo. Nakuomba usikilize huo wa pili.

Mimi niliishi zamani ambazo jambo hili lilikuwa wazi kwa kila mtu. Tulikuwa na Urafiki kule Dar es Salaam, kiwanda kilichofunguliwa 1968 kwa msaada wa China, na Mwatex hapa jirani Mwanza. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 nguo ikaadimika. Tulipanga foleni tangu alfajiri kwa doti moja. Kitenge kilekile, kilichotoka mashine ileile, dukani kilikuwa na bei ya serikali na uchochoroni kilikuwa na bei ya magendo, mara kadhaa zaidi. Hakuna aliyedhani cha uchochoroni kilikuwa kizuri zaidi. Tulijua tunalipia njaa yetu ya nguo.

Ninyi mmezaliwa nguo zimejaa hadi njiani, ndiyo maana mnadhani bei ni cheti cha ubora. Hiyo ndiyo hofu yangu.

Ngoja nikusimulie. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla wachimbaji wadogo hawajaondolewa kwenye machimbo ya Bulyanhulu mwaka 1996, wateja wangu wengi walikuwa vijana wa huko. Mmoja, wa umri wangu, aliuza dhahabu asubuhi, adhuhuri akatoka duka moja na suti ya kijivu. Bei ya suti ile ingeezeka kwa mabati nyumba ya vyumba viwili.

Akaniletea nimpunguzie suruali. Nilipofunua bitana ya koti nikakuta kifua kimebandikwa kwa gundi tu. Mishono haikuachiwa hata nusu kidole cha akiba. Nikamwambia, "Ndugu yangu, hii irudishe leo hii." Akanitazama kama mtu anayemhurumia maskini. Akasema, "Fundi, kitu cha bei hii hakiwezi kuwa kibaya."

Masika yaleyale alinyeshewa njiani. Gundi ikaachia, kifua cha koti kikaumuka vipovu kama andazi. Alirudi dukani wakamwonyesha maandishi kwenye risiti: mali ikishauzwa hairudishwi.

Baadaye duara lake, shimo alilochimba dhahabu, lilijaa maji na fedha zikaisha. Alikuja kuniuzia suti ileile. Nilimpa nauli. Leo sote ni wazee. Yeye bado anapanga chumba kimoja, na mvua ikinyesha anasogeza kitanda. Mabati yale hakuyanunua tena.

Nimeona wengi wa namna yake, mwanangu. Usiongeze hesabu yao, nakusihi.

Kinachonishangaza ni kwamba kupima mnajua. Kwenye dhahabu hamdanganyiki kirahisi. Tangu masoko ya madini yalipoanza mwaka 2019, Geita ikitangulia, mnaingia na mali yenu, inawekwa kwenye mzani mbele ya macho yenu, usafi wake unapimwa, kisha ndipo bei inatajwa. Mtu akikuambia, "Niamini tu, hii ni ya bei ndogo," utamng'ang'ania hadi jioni. Mnagombania pointi moja ya dhahabu, kitu kidogo kama punje ya mchanga!

Halafu fedha hiyohiyo, iliyopimwa kwa pointi, inatoka mfukoni madukani Katoro jioni hiyohiyo bila mzani wowote. Aliyepima dhahabu kwa mizani asinunue shati kwa macho. Hilo nalisema kila siku hapa barazani, na nitalisema hadi nizikwe.

Basi chukua mizani ya nguo, nakupa bure.

Kwanza ipindue nguo nje ndani. Usiangalie kifua, angalia tumbo lake. Mshono mzuri umenyooka, hatua zake ni fupi na zinalingana. Ukiuvuta kwa vidole viwili haufunguki kinywa ukaonyesha meno ya uzi. Kitambaa kilichobaki pembeni ya mshono kiwe na upana wa kutosha kumpa fundi nafasi siku ukinenepa. Ovaloki iwe imeshika kingo zote, isirukeruke. Kama shati lina mistari, tazama mfuko wa kifuani. Mistari ya mfuko ikikutana na ya shati, ujue aliyelikata hakuwa na haraka. Nami nakuambia, asiyekuwa na haraka mfukoni hakuwa na haraka kwapani.

Kisha itoe nje juani. Taa ya dukani haitakufuata nyumbani. Inyanyue ielekee jua. Ukiona mwanga unapita kwa mabakabaka, huku kuzito huku kwepesi, uzi wake si sawa.

Isugue kwa kidole gumba. Kitambaa kigumu kinachoacha unga kidoleni kimetiwa wanga. Ujanja huu ni wa kale. Karne ya kumi na tisa wafanyabiashara wa Unguja walipokea nguo za pamba kutoka Marekani, ndiyo asili ya jina marekani, zikapanda na misafara hadi Unyanyembe na huku kwetu. Wazee wetu waliipenda marekani kwa kuwa ilidumu. Lakini viwanda vya Uingereza vilikuwa vikishindilia wanga na udongo kwenye nguo zao ili ziwe nzito mkononi, na zikifuliwa mara moja uzito wote unakwenda na maji. Wazee hao hawakujua kusoma lebo, lakini waliishika nguo, waliivuta, waliikataa. Vidole vile mmevirithi. Vitumieni.

Chovya ncha ya leso nyeupe kwenye maji, ifikiche ndani ya pindo. Leso ikipata rangi, nguo zako nyingine zitaipata pia. Maji ya kwanza ndiyo hakimu wa nguo, na ni heri kesi isikilizwe dukani.

Muuzaji akikataa usiishike nguo yake, mshukuru na uondoke. Ondoka kweli, usigeuke.

Sasa usije ukanielewa vibaya ukakimbilia kila cha bei ya chini. Huko nako kuna shimo. Piga hesabu hii: shati la 30,000 ukilivaa mara mbili kwa wiki kwa miaka miwili, umelivaa kama mara 200. Kila kuvaa ni shilingi 150. La 10,000 likichakaa baada ya kuvaliwa mara tano, kila kuvaa ni 2,000. Lipi ghali? Kitambaa kizuri na mshono mzuri vina gharama yake, nami kama fundi nitakuwa mwongo nikisema havina. Kuanzia nguo ya kutupa hadi nguo njema, bei huwa inapanda kwa sababu. Ukishaipita nguo njema ndipo unaanza kulipia kioo.

Wala sisemi kila cha plastiki ni kibaya. Sketi ya shule iliyochanganywa uzi huo inakauka upesi na haipauki haraka. Ninachokataa ni wewe kulipa bei ya pamba kwa kitu kisichonyonya hata jasho lako, kwenye joto hili.

Mtumba nao una somo lake. Nenda mnadani Mhunze asubuhi, robota linapofunguliwa. Zile za juu mnazoziita kamera zinatajwa bei ya kukata pumzi. Jua likielekea kuzama, shati lililokosa mtu liko kwenye rundo, muuzaji anataka kufunga turubai aondoke. Halikubadilika hata kifungo. Kilichobadilika ni saa. Na mtumba una sifa moja ambayo nguo mpya haina: umekwisha kufuliwa mara nyingi, rangi ya kutoka imeshatoka, wa kunywea umeshanywea. Wewe kagua kwapa, viwiko na mapajani tu. Nguo za ndani za mtumba ziache kabisa, zimepigwa marufuku, wala hazina bei nzuri duniani.

Na wewe mjukuu wangu wa kike, kitenge cha sare ya harusi kigeuze nyuma kabla kamati haijachanga. Kama rangi ya mgongoni imefifia ukilinganisha na ya mbele, hicho kimepigwa chapa upande mmoja, jina lolote liwalo pembeni. Wasikutoze bei ya waksi, kitenge chenye rangi pande zote mbili.

Linalonitisha kuliko yote ni siku ya rashi. Mmeona ninyi wenyewe. Dhahabu ikisikika mahali, iwe Mwakitolyo au porini huko Geita, kabla ya choo kuchimbwa wauza nguo wameshatandika. Maji ya kunywa yanapanda, wali unapanda, jinzi inapanda. Jinzi ileile iliyokuwa Kahama juzi. Haikupanda kwa sababu imeongezwa uzi. Imepanda kwa sababu mnazo. Kaa nazo, mwanangu. Lala nazo usiku mmoja. Anayenunua siku ya mgao ananunua kwa mikono ya mlevi hata kama hajaonja pombe.

Najua kwa nini mnavaa. Mtu aliyekaa wiki tatu shimoni, vumbi hadi masikioni, anataka akitoka aonekane ni mtu. Hilo silidharau. Nimeshonea wachimbaji maisha yangu yote, na nimeona mtu anavyonyooka mbele ya kioo changu nguo ikimkaa sawa. Vaa, mjukuu wangu. Pendeza. Ila pendeza kwa nguo itakayokuwepo masika yakiisha, na mabati yawepo pia.

Kijana yule wa Rwamgasa nimempunguzia mikono ya shati lake, sikumtoza. Nimempa na kiberiti akae nacho.

Wewe nawe, kabla hujapanda gari la Katoro mwezi huu, pita hapa barazani kwangu. Nitakufunulia nguo mbili nje ndani, nzuri na mbaya, uzishike mwenyewe. Njoo na fedha zako zikiwa bado mfukoni.