Maji na Nguo Nyeupe

Ndugu wakatekumeni, mmoja wenu aliniuliza: «Mwalimu, mtu akiwa katika hatari ya kufa, maji na maneno ya ubatizo yamtosha. Mbona sisi twangoja Pasaka na nguo nyeupe?» Kweli, nguo haibatizi. Hata hivyo Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, uliagiza ukatekumeni wa watu wazima urudishwe kwa hatua, pamoja na ibada zake. Nami naona faida: kijiji kizima chasikia ahadi yako, nacho kitakudai.

Karamu ni jambo jingine. Ndoa yataka ridhaa ya wawili, padri au shemasi, na mashahidi wawili. Haitaki mbuzi wala pombe. Baba mmoja aniambia angoja kwanza kununua ng'ombe wa arusi. Mtoto wake wa tatu sasa asoma darasani mwangu.